Kupe wa Pajani

Kabla sijafika kwa binti yangu, lazima nieleze jinsi mkuu wetu wa ulinzi alivyotusomea ile karatasi, kwa sababu balaa lote lilitokea mdomoni mwake.

Alituita asubuhi, walinzi kumi na wawili wa zamu ya mchana, akatupanga mstari nyuma ya ofisi ya ulinzi kama watoto wa shule wanaosubiri chanjo. Sisi humwita Kamera, ila si mbele yake. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kunyata saa nane za mchana, jua linapomkaba mtu utosini. Akikuta mlinzi amesinzia, hamwamshi. Anampiga picha kwa simu na kwenda zake. Kesho yake unaitwa, unaonyeshwa uso wako mwenyewe mdomo wazi, na unga umemwagika. Wanne walikwenda hivyo mwaka mmoja.

Pembeni yake alisimama binti wa chuo, mtafiti, mwenye miwani na mkoba wa kitambaa. Alitaka kutusomea mwenyewe. Kamera akamwambia dada usijisumbue, hawa ni watu wangu, akaichukua. Karatasi ilikuwa na kurasa nne. Yeye aliimaliza kwa dakika moja. Alichotuambia ni kwamba chuo kinataka kujua wafanyakazi wake wanakaa kitako saa ngapi, wanatembea kiasi gani na wanalala vipi, kwamba kila mmoja atabandikwa kidude pajani siku saba bila kukivua hata bafuni, na kwamba ni hiari. Neno hiari alilitamka akitutazama mmoja mmoja. Kisha, yule binti alipoinama kufungua mkoba, akasema kwa sauti ya chini, "Safari hii sihitaji simu. Paja la mtu halidanganyi."

Tulitia sahihi wote kumi na wawili. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma naweza, polepole, nikiwa peke yangu. Kurasa nne za maneno ya chuo mbele ya mkubwa anayetazama saa yake, hapana.

Kidude chenyewe kilikuwa bapa, cheupe, si kikubwa kuliko kisanduku cha kiberiti. Mtafiti alikibandika mbele ya paja kwa plasta pana, akatupa na plasta za akiba kwenye bahasha, na karatasi ya kujaza kila siku: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umeamka mara ngapi katikati. Mimi nilikuwa namba kumi na nne, kwa kuwa wapishi watatu walibandikwa kabla yetu. Mwenzangu wa lango la nyuma, tunayemwita Kobe kwa sababu hajawahi kuharakishwa na kitu tangu azaliwe, alilitazama paja lake kwa muda mrefu akasema, "Huyu kupe. Wenzake wananyonya damu, huyu ananyonya usingizi." Jina likashika.

Sasa nieleze hofu yangu, mtu asidhani nilikuwa naogopa plasta. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha lango kuu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kuinua chuma gari likija, kukishusha likipita, na kuandika namba yake daftarini. Saa kumi na mbili kwenye kiti kimoja. Nikishakula mchana, usingizi unanijia kama mdai, hauulizi kama una nafasi. Nikiegemea ukuta naupiga dakika ishirini, pengine arobaini, sikio moja nimeliacha barabarani. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita na hakuna gari lililopita bila kuandikwa. Lakini nani angenisikiliza?

Na kazi hiyo ndiyo nyumba. Tunaishi, mimi na binti yangu, katika chumba na sebule vya chuo, nyuma ya karakana. Ni vyetu maadamu nina sare mwilini. Sare ikivuliwa, wanakupa siku thelathini. Mke wangu alifia kazini kwao miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mpishi wa jiko la wanafunzi. Aliomba ruhusa ya kwenda hospitali, msimamizi wa jiko akamwambia mitihani ikiisha. Mitihani ya watoto wa watu iliisha salama. Yeye alianguka mbele ya sinki siku mbili kabla, na daktari akasema sukari, mmechelewa mno. Walikuja na shada la maua na bahasha, mkuu wa utumishi akasema chuo kimepoteza mama. Mimi nikawaza, mama hapotei, mama hupotezwa. Sikusema. Ningesema nikalale wapi?

Jioni ile nilimkuta binti yangu anapiga pasi sare yake. Yeye ni msafishaji wa jengo la utawala, ghorofa nne, ngazi juu ngazi chini na ndoo mkononi. Hajaajiriwa na chuo; ameajiriwa na kampuni ya usafi, na kampuni hiyo ukiugua siku tatu anayeletwa badala yako ndiye anayebaki. Nilijua hivyo. Nilichokiona jioni ile ni ngazi tu. Nikawaza, kupe akikaa kwenye paja la mtu wa ngazi, Kamera atasoma nini? Atasoma mlinzi hodari kuliko wote.

Nilipomweleza, aliuliza swali moja. "Kinajua na mtu anavyolala?"

"Kinajua kulala, kuamka, kukaa, kusimama. Kilichobaki ni kujua dini yako."

Hakucheka. Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Akasema, "Baba, tafuta mtu mwingine."

Nilikasirika. Nilimuuliza nimtafute nani, mama yake? Neno likitoka halirudi, nami sikujaribu kulirudisha. Akainyanyua pasi, akamchukua kupe na bahasha ya plasta, akaingia chumbani. Aliporudi alisema tayari, na hatukulizungumza tena.

Siku saba zile nilijiona mjanja. Asubuhi nilijaza ile karatasi kwa usingizi wangu mwenyewe, kwa sababu mwongo mwenye akili hudanganya kidogo. Nililala saa tatu, niliamka saa kumi na moja, katikati sifuri. Ni kweli tupu. Mimi nikilala nyumbani nalala fofofo, hata paa likiezuliwa mtanisimulia. Kobe naye alinifunulia siri yake tukibadilishana daftari: amemfunga kupe kwenye mguu wa mbwa wa doria, yule mkubwa wa lango la nyuma. Nikamwambia wewe umerogwa. Akasema mbwa ana miguu minne, ataandikiwa hatua mara mbili ya mtu yeyote.

Tulirudisha vidude siku ya nane. Hapo ndipo hofu ilipoanza kazi. Kila Kamera alipopita langoni nilijua amekuja kunifukuza. Alikuwa akipunguza mwendo, ananitazama, anatabasamu, anaendelea. Ugali wangu nilikuwa nautafuna hauendi. Niliacha kusinzia kabisa. Nilikaa nimekodoa macho kama bundi, na nyumbani nilikuwa naanguka kitandani kama gunia. Binti yangu alikuwa ananitangulia kulala. Aliniambia amechoka. Nani hachoki?

Siku ya kumi baada ya kurudisha, ujumbe ulikuja: namba kumi na nne afike chumba cha utafiti saa tano asubuhi, ruhusa nusu saa, ataletewa mtu wa kumshikia lango. Aliyeniletea ujumbe ni Kamera mwenyewe. "Wamekuita peke yako, mzee," akasema. "Katika watu kumi na wawili, wewe peke yako." Akaondoka akipiga mluzi.

Niliingia chumba kile. Kilikuwa kidogo, meza moja, mizani ya kupimia uzito pembeni, kompyuta inayounguruma. Yule mtafiti aliinuka kunipokea, akaniamkia, akanivutia kiti. Nikawaza, hivi ndivyo wanavyofanya, wanakupa kiti kwanza. Alianza kwa kunichekesha, nadhani aliona ninavyoogopa. Alisema namba kumi na moja amemshinda: analala saa kumi na sita kwa siku, na mchana hainuki ila dakika chache za kukimbia kwa kasi ajabu, kisha analala tena. Nikajua ni mbwa. Hata mbwa alikuwa ameshajifunza kazi yetu. Siku nyingine ningecheka mpaka machozi.

Kisha akaweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa na mwandiko wangu. Nyingine ilikuwa na mistari saba, mmoja kwa kila siku, imepakwa rangi: nyeusi ni kulala, kijivu ni kukaa, nyekundu ni kusimama na kutembea.

"Baba, kuna kitu hakikai sawa," akasema. "Wewe umeandika huamki usiku. Kifaa kinasema usiku wa kwanza umeamka mara sita. Usiku wa saba, mara kumi na moja."

Akaniwekea kidole. Katikati ya weusi wa usiku kulikuwa na vijino vyekundu, vyembamba, vimepangana kama meno ya kitana. Dakika tatu, dakika mbili, dakika tatu. Nilichowaza kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba nimekamatwa. Nikasema ni uzee, mwanangu, kibofu cha mzee hakina mlango. Akaitikia kwa kichwa, kidole chake kikahamia mchana.

"Na hapa. Siku ya kwanza umepanda ngazi mara ishirini na mbili. Siku ya saba mara sita. Katikati unakaa, dakika hamsini, saa nzima, huinuki." Akanitazama juu ya miwani. "Lango kuu lina ngazi?"

Nilikuwa bado nimevitazama vile vijino vyekundu, na nilikuwa nimeanza kuvisikia. Kitanda kinalia. Komeo linavutwa. Ndara zinaburura uani mpaka chooni, zinarudi. Bomba la jikoni linafunguliwa, kikombe kinajaa. Miezi mitatu ya mwisho mke wangu aliamka hivyo. Nilikuwa nimelala ubavuni pake, na usiku mmoja nilimwambia, mama watoto, hebu tulia, wenzio tuna kazi asubuhi, nikageukia ukutani. Baada ya hapo alikuwa anatembea bila ndara. Habari ya msimamizi wa jiko nimewasimulia watu wote wa karakana, wa sokoni, wa msibani. Hii sijawahi kumsimulia mtu.

"Si mimi," nikasema.

"Ni nani?"

"Binti yangu. Nilimvisha mimi. Kamera alisema—" Nikaanza upya. "Ana miaka ishirini na mitatu."

Alivua miwani. Aliniuliza kama anakunywa maji sana. Nikakumbuka dumu la jikoni, kila asubuhi tupu, nami nikilaumu bomba la chuo na mafundi wake wavivu. Akauliza kama amekonda. Nikakumbuka pini mbili kiunoni mwa sare yake. Mwanangu alikuwa ameniambia kampuni imemletea saizi kubwa, na mimi nikaitukana kampuni. Kila alichouliza nilikuwa nimekiona, na kila nilichokiona nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu.

"Mimi si daktari," akasema. "Lakini baba, mistari hii ni ya siku kumi na zaidi zilizopita. Yuko wapi sasa hivi?"

Nilipiga simu yake. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Kutoka pale hadi jengo la utawala ni mwendo wa dakika tano kwa mtu wa umri wangu. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka yule mtafiti alikuwa nyuma yangu na kitambulisho chake kikimpigapiga kifuani, na nakumbuka nusu saa yangu ilikuwa imekwisha, maana kengele ya vipindi ililia tukiwa tunakatiza majani. Ghorofa ya kwanza hakuna mtu, sakafu kavu. Ya pili, ndoo na ufagio wa kupigia deki vimeachwa katikati ya ukumbi, maji yamepoa, watu wenye tai wanavizunguka. Nilimuuliza mmoja kama amemwona msafishaji. Akaniuliza msafishaji yupi. Mwanangu anapangusa kitasa cha ofisi yake kila siku ya Mungu.

Nikapiga simu tena. Safari hii tuliisikia. Ilikuwa inaita ukutani, chini ya ngazi ya ghorofa ya pili, nyuma ya mlango mwembamba wa stoo ya mafagio. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga, nikamwita. Simu ikaita mpaka ikakata, halafu kimya. Niliweka sikio kwenye mbao na nikasikia pumzi, nzito, ya haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu. Mtu aliyeketi hapumui vile.

Mtafiti alimpigia Kamera alete ufunguo wa akiba. Alikuja baada ya dakika nyingi, akitembea, simu mkononi, ufunguo hana.

"Nani yuko langoni?" ndilo neno lake la kwanza.

Nikamwambia binti yangu yuko ndani, ni mgonjwa. Akauliza tena nani yuko langoni, kwa sababu aliyenishikia ameondoka nusu saa ilipoisha na sasa chuma kimebaki juu, magari yanaingia kama sokoni. Mtafiti akamwambia ufunguo kwanza. Akasema ufunguo upo, lakini stoo ni ya kampuni ya usafi, jengo ni la msimamizi wa jengo, msimamizi yuko kikaoni, na bila sahihi yake hawezi kutoa ufunguo, dada, kuna utaratibu.

Niliwahi kulisikia neno hilo, utaratibu. Mke wangu alirudi nalo nyumbani kutoka jikoni.

Ukutani kulikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Niliutungua na kuupiga kwenye kitasa. Mara ya kwanza ulinirudi ukaniumiza bega. Mara ya pili mbao ilipasuka. Nyuma yangu nilisikia simu ya Kamera ikilia, cha, cha, cha. Alikuwa anapiga picha. Nikapiga mara ya tatu, mlango ukaingia ndani.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukutani, magoti pamoja, mikono imelala mapajani kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Macho nusu wazi. Chini yake chupa za maji, tupu, sita au saba. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Pumzi yake ilinuka tunda lililooza, utamu mbaya, stoo nzima. Nilipiga magoti nikamshika uso na uso ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Baba," akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Nimepumzika kidogo tu. Usiwaambie."

Kisha kichwa kikalala begani kwangu, na sikupata neno jingine kwake kwa siku mbili.

Zahanati ya chuo iko hatua mia mbili. Mlangoni walituuliza kadi ya mfanyakazi. Kadi yake ni ya kampuni, si ya chuo. Sitasimulia nilichosema pale, maana mtafiti ameniomba nisikiandike. Yeye ndiye aliyeleta gari lake dogo mpaka kwenye ngazi, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu, naye akaendesha mpaka hospitali kuu taa zimewashwa mchana kweupe. Njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi. Zilikuwa nyingi mno, nikaogopa. Zikapungua, nikaogopa zaidi.

Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone kwenye kimashine. Kimashine hakikuandika namba. Niliuliza ni nini, akasema kikishindwa kuhesabu kinaandika kwamba imezidi kipimo. Wakamkimbiza ndani, mlango ukafungwa, nikabaki na viatu vyake mkononi.

Mtafiti alikaa nami hadi jioni. Ndipo aliponisomea zile kurasa nne, zote, taratibu, kidole chini ya maneno. Ukurasa wa pili ulisema hakuna mkubwa yeyote wa kazini atakayeonyeshwa habari za mtu, wala jina, wala namba. Kamera asingeona kitu. Nilikuwa nimemwogopa mtu aliyeshika karatasi iliyomkataza.

"Nilipaswa kuisoma mwenyewe siku ile," akasema. Macho yalikuwa mekundu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulipaswa."

Sikusema kwa ubaya, lakini sikumpunguzia. Yeye ni mwenye elimu kuliko sisi wote, na alimwachia Kamera mdomo wake. Alisema itambidi amwambie profesa kwamba namba kumi na nne si mimi na namba kumi na moja si mtu, na kwamba habari hizo zitafutwa. Nikamwambia fanya kazi yako.

Siku mbili zile sizijui vizuri. Mwanangu alikuwa na mpira puani, mpira mkononi, chupa mbili zinadondoka kwa mwendo tofauti. Daktari alisema damu yake imegeuka kuwa kama siki, na kwamba wanairudisha polepole, kwa sababu ukiirudisha haraka ubongo unavimba. Alisema hivyo kama anavyosema fundi wa redio. Nilikataa kufumba macho. Nilijua nikifumba tu nitazamishwa na usingizi wangu ule wa gogo, na ninaijua hasara yake. Nilisimama. Miguu ikivimba, nazunguka kitanda. Wauguzi walinizoea, mmoja aliniita saa ya ukutani.

Siku ya tatu, asubuhi, alifumbua macho akauliza nani anasafisha ghorofa ya tatu. Nilitoka nje ya wodi nikalia ukutani kama mtoto. Aliponiona nimerudi alinieleza kidogo kidogo. Ilimwanza miezi miwili kabla ya kupe. Alijua ni nini. Alikuwa amemwona mama yake. Ndiyo maana alinyamaza. "Ningekwambia ungeenda kugombana nao, baba," akasema. "Wangetutoa wote."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililoniingia kama hilo, na hakuwa anatukana.

Barua ililetwa na Kobe, wodini, ameikunja ndani ya kofia. Kuacha lango wazi, kuvunja mali ya chuo, na, kama profesa alivyoarifu, kudanganya utafiti. Picha tatu zimeambatanishwa, mimi na mtungi. Nifike mbele ya kamati Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Nisipofika, wataamua bila mimi. Kobe akasema kwa ya mbwa wamempa onyo tu, kwani hakuna aliyetaka kuandika kwenye barua rasmi kwamba mbwa wa doria halindi. Alijaribu kucheka. Akaniambia nenda, mzee, nenda ukajitetee, useme uliyosomewa na aliyoyaficha Kamera, mtafiti naye amesema atakuja kusimama upande wako.

Nilitaka kwenda. Maneno nilikuwa nimeyapanga miaka mitatu.

Lakini muuguzi mkuu wa wodi alikuwa ameshaniambia ya kwake. Mgonjwa anatoka Ijumaa. Atajichoma sindano mwenyewe kila siku, maisha yake yote, ila hatoki mpaka mtu mmoja wa nyumbani kwake awe amejifunza na amechoma mbele ya macho yake, kwa sababu iko siku atakuwa hajiwezi. Anayefundisha huja mara moja kwa wiki, Ijumaa, saa nne. Nikamuuliza kama haiwezi kuwa saa sita. Akanitazama akaniuliza, je, sukari yake ikipanda nayo iambiwe saa sita?

Basi Ijumaa saa nne nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mwanangu, mikono nimeinawa mara mbili, sindano katika vidole vilivyozoea kalamu ya daftari la magari. Ni nyembamba kama unywele. Mwalimu alinionyesha mistari yake, midogo, ya rangi ya moshi, akasema mistari kumi. Ikipungua, anarudi alikotoka. Ikizidi, anaweza kulala asiamke. Alisema yote mawili kwa sauti moja.

Nilivuta dawa. Nikahesabu mistari nikapata kumi. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikahesabu tena, nikapata kumi na moja. Jasho liliniingia machoni. Nikamwambia mwalimu mama, macho yangu, mimi ni mtu wa darasa la nne, mtafute mwingine. Na palepale nikajua hakuna mwingine. Tuko wawili duniani.

"Lete nione," binti yangu akasema. Akaishika sindano karibu na pua yake, akahesabu midomo ikicheza, akaipunguza tone moja, akanirudishia. "Kumi. Choma, baba."

Alijifinya mwenyewe ngozi ya tumbo. Ilikuwa nyembamba, nilimwona mbavu. Nikaushika mkono wa sindano kwa mkono wa pili. Nilimwambia nisamehe, akasema choma tu, nikachoma. Haikutoa hata sauti. Nikasukuma, nikahesabu mpaka kumi kama nilivyofundishwa, nikachomoa, na tone dogo likabaki juu ya ngozi, sikujua kama ni dawa iliyorudi au ni jasho langu.

"Ameipata yote?" nikauliza.

Mwalimu akatazama saa yake. Alisema tutajua baada ya muda, tumpe chakula, tumwangalie, akianza kutoka jasho au kuongea ovyo tuite. Akahamia kitanda cha jirani.

Nilivuta kiti karibu. Binti yangu akaanza kula, polepole, ananitazama juu ya bakuli. Kila alipopepesa macho nilimshukuru Mungu, na kila alipokawia kupepesa nilisimama.